Ncha Aliyoiondoa Waliaula

Mkasi wangu wa kwanza wa kazi niliupeleka kwa Waliaula wiki niliyofungua duka la kushona hapa Kondele. Nilimwambia aunoe, kisha azichonge ncha zake ziwe nyembamba kama za sindano, nipate kufumulia mishono bila kuchana kitambaa. Aliugeuza mkononi, akaujaribu kwa ukucha wa kidole gumba, akauweka juu ya kiti cha baiskeli yake.

"Makali nitakupa," alisema. "Ncha sitakupa."

"Kwa nini, Mzee?"

"Mama Zuhair, wewe unashona ama unadunga watu?"

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Aliniambia kwamba makali hukata pale mkono unapotaka, lakini ncha haingoji mkono. Unateleza kidogo tu, ishaingia. "Nunua wembe," akasema, "ufumulie nayo."

Nilinunua wembe. Hivyo ndivyo ujirani wetu ulivyoanza, na ulidumu miaka kumi na minne: mimi ndani na cherehani, yeye nje kwenye baraza langu, ameketi juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Gurudumu la nyuma alilinyanyua kwenye stendi, akalifunga mkanda wa mpira uliozungusha jiwe la kunolea. Alikanyaga pedali tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Visu vya akina mama wa samaki, mapanga, majembe, mikasi ya vinyozi, vyote vilipita mikononi mwake. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ya cheche, na jicho lake la kulia lilikuwa jekundu wakati wote.

Watu walimwita Ncha, kwa sababu ya kile kitu alichowanyima. Asiyemjua alidhani ni kwa sababu ya ulimi, lakini Waliaula hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa upande wa Webuye, alikuja Kisumu akiwa kijana kutafuta kazi ya kiwanda, akaikosa, akarithi baiskeli ya mzee mmoja aliyerudi kwao kufa.

Ubishi wake huo wa ncha ulimgharimu. Mwaka mmoja wa uchaguzi, barabara zikiwa zimefungwa kwa mawe na moshi wa matairi umetanda mpaka ndani ya duka langu, wanaume wanne walimletea nondo tatu. Walitaka zichongwe ziwe mikuki. Akawaambia jiwe lake ni la visu. Wakamwambia tena. Akajibu vilevile. Basi wakampiga kwa nondo zilezile, mgongoni na kwenye mapaja, mpaka akaanguka juu ya jiwe lake, nalo bado linazunguka, likamchuna ngozi ya shavu. Kisha wakaipindua baiskeli na kuikanyaga spoku. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani na wanangu, nikimsikia akigumia. Sikufungua mlango. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani ninayesimulia nilikuwa shujaa.

Alilala kifudifudi wiki mbili. Aliporudi alikaa chini akanyoosha spoku moja moja kwa koleo. "Walitaka ncha," aliniambia, "wakanipa ubapa." Akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi.

Mkewe aliitwa Nabalayo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyenunua omena, wale dagaa wa ziwani, kule Dunga alfajiri na kuiuza kwa beseni hapa makutano. Kwenye mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, alikuwa na kovu la duara, dogo kama kifungo. Nilidhani ni mafuta yaliyomrukia.

Walikuwa na watoto wanne. Watatu walikuwa wametawanyika, mmoja Nakuru, wawili Bungoma. Aliyebaki karibu alikuwa kitinda mimba, Nakhumicha. Waliaula alimwita "Mama", kwa kuwa alibeba jina la mama mzazi wa Waliaula, na alipopita barazani akitoka shule, yule mzee alisimamisha jiwe hata kama mteja alikuwa anangoja. Akamaliza shule, akauza mboga mwaka mmoja, kisha akaolewa na Wechuli.

Wechuli alikuwa na bucha mita mia moja kutoka dukani kwangu, upande ule wa pili wa barabara. Alikuwa mtu wa kwao, familia zilijuana, na mahari yalikwenda bila vuta nikuvute. Kijana mkubwa wa mwili, msafi, aproni yake nyeupe kila asubuhi. Kila Alhamisi alimletea baba mkwe visu vitatu vilivyofungwa kwenye gazeti: kimoja kipana cha kukatia minofu, kimoja cha kuchunia, na kimoja chembamba, kirefu, cha kutenganisha nyama na mfupa. Hicho chembamba kilikuja na ncha yake kutoka kiwandani. Waliaula alikinoa makali akaiacha ncha kama alivyoikuta. Alisema hicho ni kifaa cha kazi, na mkwe ni mkwe.

Kisu cha kwanza cha Wechuli, hata hivyo, kilikuwa ulimi. Tulikuwa tunanunua nyama kwake tukimsikia. Nakhumicha akikosea kufunga kifurushi, Wechuli hakupaza sauti; alisema neno moja, taratibu, mbele ya wateja, akitabasamu. "Huyu nililetewa kama mbuzi wa bure." Au, "Tumbo limekaa mwaka mzima kama stoo ya mtu maskini." Watu wengine walicheka. Hayakuwa matusi ya kelele. Yalikuwa maneno ya ncha, yanayoingia padogo na kwenda mbali, na wewe uliyesimama pale huoni damu.

Mwaka wa pili wa ndoa Nakhumicha alikuja dukani kwangu na magauni manne.

"Mama Zuhair, niongezee mikono. Ifike hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono.

"Na hili joto la Kisumu?"

"Niongezee tu."

Nilipompima alikaza meno. Nilipandisha mkono wa blauzi kidogo, nikaona. Palikuwa na alama mpya juu ya za zamani, zambarau, manjano, na moja iliyopasuka. Hakuniambia kitu. Nami sikumwuliza. Niliongeza mikono ya magauni manne, nikatafuta kitambaa kinacholingana rangi, nikashona vizuri sana, na kazi ile ilikuwa safi kiasi kwamba huwezi kujua mkono uliishia wapi hapo awali.

Nilikaa nalo siku tisa. Siku ya kumi nilitoka barazani nikamwambia Waliaula. Nilimwambia kila kitu, mpaka rangi za alama. Aliendelea kukanyaga pedali, lakini hakuwa na kisu mkononi. Jiwe lilizunguka bure.

"Ninajua," akasema mwishowe.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Alikuja kwetu, akashindwa kuinua sufuria."

"Na umemwambia nini huyo mkwe wako?"

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, nililiona kabisa. Akalimeza. "Mimi si mtu wa kumwambia mwanaume mwingine kuhusu hayo," alisema. Nilikasirika. Nilidhani ni woga wa mahari, au ule ukaidi wa wazee wa kusema ndoa ni ya wawili. Sikuelewa alichokuwa ananiambia.

Alhamisi iliyofuata Wechuli aliviacha visu vyake vitatu akaenda kwenye shughuli zake. Waliaula alivinoa viwili vya kwanza kama kawaida. Kile chembamba alikishika muda mrefu. Kisha akakisimamisha wima dhidi ya jiwe, ncha mbele, akakanyaga pedali kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona. Cheche ziliruka mpaka kizingitini kwangu. Alisaga ncha ile mpaka kisu kikawa na mdomo wa mviringo kama kijiko. Halafu, kwa mazoea ya mkono wa fundi, akakinoa makali yake pande zote mbili, akakijaribu kwa unywele wa mkono wake. Unywele ulikatika bila sauti.

Wechuli alirudi saa tisa, akafungua gazeti.

"Mzee, ncha ya kisu yangu imeenda wapi?"

"Imeisha."

"Imeisha aje? Asubuhi ilikuwa hapa."

"Chuma ilikuwa imechoka. Nikaitoa."

Wechuli alikitazama kisu, akamtazama mzee, akatabasamu tabasamu lile la buchani. "Nimeskia. Binti yako amekuja kulia kwako." Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na sikio la Waliaula, lakini nilisikia, maana sikuwa nashona tena. "Mzee, mimi nilifundishwa kuheshimu wakwe, na ninakuheshimu. Lakini mambo ya nyumba yangu, wewe kaa na jiwe yako. Wewe hasa. Watu wa kwenu wanakumbuka vizuri."

Akaondoka na visu vyake. Waliaula hakuinua kichwa mpaka jioni.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, buchani kumejaa. Nakhumicha alikuwa amekwisha kuamua. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelala nje ya nyumba, na asubuhi alitaka vitu viwili tu: kifunguo, achukue nguo zake, na kitambulisho chake ambacho Wechuli alikifungia kwenye droo ya bucha. Alichagua saa sita mchana makusudi, watu wakiwa wengi, akiamini hawezi kufanyiwa kitu mbele ya watu.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa Oketch, dereva wa bodaboda, aliyekuwa kwenye foleni akingoja nusu kilo isiyo na mfupa.

"Nipe kifunguo na ID yangu," Nakhumicha alisema. "Naenda kwa mama mdogo Pap Onditi."

"Ngoja nimalize na wateja."

"Nimengoja miaka miwili. Nipe."

Wechuli akasema lile neno lake, taratibu, la tumbo. Na Nakhumicha, kwa mara ya kwanza, akamjibu mbele ya watu. Akamwambia kwamba daktari alishawaambia wote wawili tatizo liko kwa nani. Foleni ikanyamaza. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Oketch anasema Wechuli hakuonekana kukasirika. Aliweka chini mfuko wa nyama, akaokota kile kisu chembamba ubaoni, akazunguka kaunta, akamshika mkewe begani kama mtu anayemsindikiza mgeni, akamchoma tumboni. Nakhumicha alirudi nyuma, akajigonga ukutani kwenye ndoano za nyama. Akamchoma tena, ubavuni. Kisu kiligonga mfupa, kikateleza, kikapasua gauni na ngozi kwa urefu lakini hakikuzama. Akachoma mara ya tatu kwa mikono miwili, akisukuma, akiguna kama mtu anayefungua kopo lililokataa. Nakhumicha alikidaka kisu kwa mkono wa kulia. Wechuli akakivuta.

Hapo ndipo makali yalipofanya kazi yake. Vidole vitatu vilifunguka mpaka mfupani. Damu iliruka kwenye kioo cha bucha, ikapaka bango la bei.

Oketch alikuwa na helmeti mkononi. Alimpiga nayo Wechuli usoni, mara mbili, pua ikavunjika, kisu kikaanguka. Watu waliokuwa wameganda wakaachana na woga wote kwa pamoja. Wanawake wakamvuta Nakhumicha nje, wakamfunga mkono kwa leso, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la mteja. Wanaume wakamgeukia Wechuli.

Mimi nilisikia kelele tu, kisha nikaona umati ukivuka barabara, ukimburuta kwa aproni yake. Walimleta mpaka kwenye mtaro ulio mbele ya maduka yetu. Mawe yalikuwa yameanza. Mtu alikuwa anabingirisha tairi kuukuu, mwingine anapiga kelele kuuliza petroli. Wechuli alikuwa amepiga magoti, damu ya pua imemjaa mdomoni, akisema, "Wazee, wazee, mke ni wangu." Kila aliposema hivyo jiwe jingine lilimpata.

Kisha mtu akapaza sauti: "Baba yake yuko hapa! Mpeni Ncha nafasi! Baba aanze!"

Umati ukafunguka. Waliaula alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake. Alikuwa ameambiwa maneno matatu tu: binti yako amedungwa. Alichomoa ule mtarimbo wa chuma aliokuwa akiutumia kukaza mkanda, akaja. Hakukimbia. Uso wake haukuwa na kitu. Nimeona watu wenye hasira wengi katika mji huu, na hasira ina joto, unaweza kuipoza kwa maneno. Uso ule ulikuwa baridi, umefungwa, kama duka siku ya msiba.

Alimpiga begani. Nilisikia mfupa wa mtulinga ukivunjika, mlio kama wa kuni kavu. Akampiga kwenye mkono alioinua kujikinga. Vidole vilipinda upande usio wake. Akainua mtarimbo mara ya tatu, sasa akilenga kichwa, na umati ukaanza kuhesabu kwa furaha.

"Waliaula!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nabalayo alikuwa ameacha beseni lake barabarani, omena imemwagika, amejipenyeza mpaka mbele. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata kuuza.

"Uso ni huo!" alipiga kelele. "Waliaula, uso ni huo huo! Ndio ulikuwa nao siku ya bisibisi!"

Akapandisha mkono wa blauzi, akamwonyesha lile kovu la duara. Akalionyesha umati pia, akizunguka, mkono juu. "Mnataka nani aanze? Huyu? Huyu alianza zamani!"

Mtarimbo ulibaki hewani. Sijui ulikaa hapo muda gani. Kisha ukamponyoka Waliaula, ukaangukia mguu wake mwenyewe. Akaketi chini kwenye changarawe kama mtoto. Wengine wakamrukia Wechuli tena, wakampiga mateke, lakini ule wimbo wa kuhesabu ulikuwa umekatika, na petroli haikuwa imefika. Polisi walikuja wakipiga risasi hewani. Walimtupa Wechuli nyuma ya gari akiwa hai, mkono wake ukining'inia.

Usidhani ninasema Nabalayo alimwokoa Wechuli. Aliniambia baadaye hakumwona hata Wechuli. Alimwona mumewe.

Nakhumicha alishonwa nyuzi nyingi tumboni na ubavuni. Majeraha ya tumbo yalikuwa mapana, mabaya, lakini hayakufika ndani. Daktari alimwonyesha mama yake kwa kidole kwenye hewa: "Kisu kilikuwa butu mbele. Kingekuwa na ncha, angekufia hapo hapo." Lakini kano za vidole vitatu vya mkono wa kulia zilikuwa zimekatwa, safi kabisa, kama kwa wembe wa upasuaji. Walimfanyia operesheni mara mbili. Vidole viwili havikurudi.

Nilimkuta Waliaula nje ya wodi, kwenye benchi. Nilimwambia lile la ncha, nikidhani litamfariji. Alisema, "Nilitoa ncha nikaacha makali, Mama Zuhair. Kama ningeweza kuongea ningetoa vyote viwili."

Siku hizo za hospitali Nabalayo alinihadithia. Miaka ya kwanza Waliaula alikuwa mlevi wa chang'aa, na alimpiga kwa chochote: mkanda wa baiskeli, pedali, kuni. Siku ya bisibisi alikuwa na mimba ya Nakhumicha. Waliaula alikuwa ananoa bisibisi ya fundi redio iwe na ncha, yeye akamwambia unga umeisha, basi. Iliingia upande huu wa mkono ikatokea kidogo upande ule. Mwaka ule ule Waliaula aliacha pombe, akaokoka, na tangu hapo hakuinua mkono tena, wala hakumchongea mtu ncha. Lakini pia hakusema. Hakuomba radhi. Watoto walikua wakidhani kovu ni la mafuta, kama mimi. Watu wa kijijini ndio waliojua, na Wechuli alikuwa mtoto wa kijijini.

Wiki ya sita walikuja wazee wa upande wa Wechuli, wamevaa makoti, na mbuzi mmoja, wakiongozwa na ndugu wa ukoo wa Waliaula mwenyewe, Masinde. Walikutana nyumbani kwa Waliaula. Niliitwa kupika chai.

"Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani," Masinde alisema. "Kijana ameumia pia. Mkono umelemaa. Tukienda kortini tutakula nini sisi? Aibu."

Wakamtazama Waliaula. Yeye akamtazama Nakhumicha, aliyekuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko.

"Mimi si wa kujibu," alisema. "Lakini kabla ajibu mwenyewe, kuna kitu lazima asikie. Na nyinyi mskie."

Akasimama, akalisema. La bisibisi, la mkanda, la pedali, moja moja, na mwaka wake. Hakulia, hakujitetea kwa pombe. Nabalayo alikuwa akiyatazama maji ya chai. Wazee wa Wechuli waliinamisha vichwa, na Masinde akasema haina haja, ndugu yangu, haina haja, lakini Waliaula aliendelea mpaka mwisho.

Nakhumicha alimwangalia baba yake. "Kumbe ulikuwa unajua," alisema. "Kila Alhamisi ukinoa visu vyake, ulikuwa unajua kipigo kinaelekea wapi." Kisha akawageukia wale wengine. "Rudini na mbuzi wenu. Tutaonana kortini."

Hakuzungumza na baba yake tena kwa miezi kadhaa. Alihamia Pap Onditi kwa Celestine, mdogo wa mama yake, aliyeolewa huko.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Siku Waliaula alipotoa ushahidi nilifunga duka nikaenda. Wakili wa Wechuli alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Aliinua kile kisu kwenye mfuko wa plastiki.

"Mzee, ni wewe ulinoa kisu hiki?"

"Ni mimi."

"Ulijua, kama unavyodai, kwamba mshtakiwa anampiga mke wake?"

"Nilijua."

"Na bado ukakinoa kikawa kikali hivi?"

"Nilikinoa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimezoea," alisema.

Wakili akaketi, ameridhika. Hakimu, mama wa makamo, akavua miwani. "Na ncha? Uliitoa kwa nini?"

"Mheshimiwa, niliogopa kuongea. Nikaachia jiwe iongee. Na jiwe haijui kuongea yote."

Hakimu aliandika. Wechuli alihukumiwa miaka kumi na miwili. Alipopitishwa, mkono wake uliolemaa ukiwa umekunjwa kifuani, alimwambia Waliaula jambo moja kwa Kibukusu ambalo sikulielewa. Waliaula akaitikia kwa kichwa. Nilipomwuliza, alisema, "Ameniita baba." Hakueleza zaidi, na mpaka leo sijui ilikuwa tusi au nini.

Waliaula naye alikwenda kituoni mwenyewe kusema ndiye aliyemvunja Wechuli mtulinga na vidole. Alirudishwa. Akaenda tena. Mara ya tatu askari wa mapokezi alimwambia, "Mzee, nenda nyumbani, tuna wezi wa kutosha." Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona, na hakuwa na wa kumkasirikia.

Nakhumicha sasa amepanga nyumba yake Pap Onditi, anauza nafaka siku za soko. Anapima mahindi kwa mkono wa kushoto, na debe lake halipungui. Mvua za mwaka huu zilipoanza alikuja Kondele na pikapu ya kukodi. Alikuja kumchukua mama yake.

Nabalayo alikuwa tayari. Hakuwa amegombana na mtu. Aliniambia, akifunga mabeseni yake kwa kamba, "Nimesamehe, Mama Zuhair, hilo lilikwisha. Lakini nimechoka kulala nikiwa macho upande mmoja." Miaka zaidi ya ishirini tangu siku ya mwisho ya kupigwa, na bado alikuwa akilala hivyo.

Waliaula ndiye aliyebeba gunia la nguo na godoro mpaka kwenye gari. Alilifunga turubai vizuri, akazikagua kamba, akazikagua tena. Kisha akasimama kando ya mlango wa abiria, mikono imemning'inia.

"Naweza kuja Krismasi?" alimwuliza mkewe.

Nabalayo akaonyesha kwa kidevu. "Uliza mwenye nyumba."

Nakhumicha alikuwa amekwisha kuketi mbele. Alikuwa anahangaika na mkanda wa kiti kwa mkono wake wa kushoto, unakataa kuingia. Waliaula alinyoosha mkono asaidie, akasita, akaurudisha. Akangoja. Mkanda ukaingia wenyewe.

"Tutaona, Baba," Nakhumicha alisema. "Umekula leo?"

"Nitakula."

"Kuna omena imebaki kwa jiko. Usiiache iharibike."

Dereva akawasha gari. Lilipoondoka Waliaula alirudi ndani ya nyumba, na baada ya muda, nikiwa bado pale nje, nikanusa kitunguu kikikaangwa, kisha kikiungua.